Ndengu kwa Ndege, Kunde kwa Vipepeo

Ijumaa, tarehe 4 Desemba. Mikinduri. Ukungu umeshuka kutoka vilima vya Nyambene mpaka kwenye paa la jikoni, na kuna manyunyu yale ambayo huwezi kuyaita mvua wala huwezi kuanika nguo.

Naondoka nyumbani kwa sababu ya mistari kumi na moja. Jirani zangu wanaijua habari hii, lakini nitaieleza kwa wasioijua. Sisi wa kikundi cha matembezi cha Mikinduri hukutana na wenzetu wa Karurumo, kule Embu, mara moja kwa mwaka. Kila kikundi hutuma watu wawili. Hutembea asubuhi moja mahali pasipo kwetu wala kwao, na kila aina ya ndege, kipepeo na mdudu anayeonekana huandikwa katika kitabu kikubwa cha vikundi vyote viwili. Sisi huandika, wao hukagua. Mwandishi ni mimi. Mkaguzi ni Bwana Nyaga, askari wa misitu aliyestaafu, mtu mrefu asiyecheka mpaka ajue kwanza kichekesho kimethibitishwa. Mwaka jana alipitia orodha yangu kwa kalamu nyekundu akakata mistari kumi na moja mbele ya mkutano.

Nataka kusema haki. Tisa kati ya hiyo kumi na moja alikata sawasawa. Jongoo na buibui niliwaweka kwa wadudu, naye akaniuliza, "Mama Mwenda, mdudu ana miguu mingapi?" Niliishia darasa la saba na nadhani siku ya miguu sikuwepo. Ni sita. Chozi dume mwenye kung'aa na chozi jike wa kijivu niliwaandika kama ndege wa aina mbili, kana kwamba mume na mke hawawezi kuwa wa nyumba moja. Lakini miwili iliyobaki, mdiria mmoja na kipepeo mmoja, niliwaona kweli kwa macho haya. Ila niliwaona peke yangu, na kanuni inataka macho ya watu wawili. Basi, wakakatwa.

Wenzangu hawakunitukana. Walisema tu kwamba tukikatwa tena hata mstari mmoja, kalamu apewe Kendi, binti wa jirani yangu, aliye chuoni na mwenye simu inayopiga picha vizuri. Hawakukosea kusema hivyo. Ningekuwa mimi ndio wao, ningesema vilevile. Lakini nimelala na maneno hayo mwaka mzima, na leo huyo Kendi ndiye mwenzangu wa safari.

Saa mbili asubuhi tulipanda gari la Meru mjini, tukabadilisha, tukateremka na barabara ya Embu. Kendi alilala tangu Nkubu. Mimi sikulala. Nilikuwa nikisoma daftari langu la mwaka jana kama mtoto anayengoja mtihani. Daraja la Thuci tulipolivuka aliamka, akanitazama.

"Mama, bado unasoma? Hao ndege watakuja bila wewe kuwakariri."

"Watakuja," nikasema, "lakini mimi ndiye nitakayewasahau."

Alicheka, akanipa nusu ya ndizi yake. Ni msichana mwema. Naandika hivyo ili isionekane kwamba namwonea wivu, ingawa kidogo namwonea.

Saa tisa alasiri tulifika Karurumo. Bwana Nyaga alitupokea mwenyewe. Mwenzake wa kikundi alikuwa amelazwa na homa, kwa hiyo upande wao ungekuwa yeye peke yake. Mke wake alitupa chai na viazi vitamu, naye Nyaga akatueleza mpango: kesho, Kiambere, kando ya maji ya bwawa, katika shamba la Mama Ireri, mjane wa binamu yake. "Nimemwambia tunakuja kutembea," alisema. Hakusema zaidi, na hapo ndipo kosa letu lilipoanzia, ingawa sijui ni kosa la nani hasa.

Jumamosi, saa kumi usiku, tuliondoka kwa pikapu yake. Tulishuka Siakago, kisha Kiritiri, na kila mteremko hewa ilizidi kuwa nzito na ya joto. Kulipopambazuka nilitazama nje nikaona nchi nyingine kabisa: migunga, udongo mwekundu, mawe, na mizinga ya nyuki ya magogo imening'inia mitini kama watu waliosahau kushuka. Kwetu mtu hujivunia urefu wa mti wa miraa. Kule nadhani hujivunia kivuli.

Saa kumi na mbili na nusu tulisimama langoni kwa Mama Ireri. Maji ya bwawa yalionekana chini, mapana na tulivu. Na pale pale, ndani ya ua, kabla sijashuka vizuri garini, niliwaona kanga! Kundi zima, madoadoa meupe, vichwa vya buluu. Nikasahau adabu zote. Nikanyoosha kidole nikaanza kwa sauti: "Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano..."

"We! We mama! Koma!"

Mwanamke wa rika langu alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Umetoka huko kwenu alfajiri yote hii uje unimalizie kanga? Hao nimewafuga mwenyewe kutoka mayai!"

Nikashusha kidole. Nilitamani ardhi inimeze. Kwa pumzi moja nilikuwa nimefanya makosa mawili. Kwanza, ndege wa kufugwa haingii katika orodha, na mkaguzi wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Pili, na hili ndilo lililoniuma, nilijua. Hata kwetu Tigania nyanya yangu hakuhesabu mbuzi. Kitu chenye roho hakihesabiwi kwa kidole, kitapungua. Nilifundishwa hivyo nikiwa mdogo, kisha shule ikanifundisha kuhesabu, nami nikadhani la pili limefuta la kwanza.

"Shemeji," Mama Ireri alimgeukia Nyaga, "uliniambia mnakuja kutembea."

"Tunatembea. Tunaandika aina za ndege na wadudu. Ni aina tu, shemeji, hatuhesabu mmoja mmoja."

"Kuhesabu ni kuhesabu. Ulikuwa askari wa miti, ukahesabu miti. Iko wapi leo?"

Kendi alicheka kwa nguvu, kisha akajifunika mdomo. Nyaga akatazama viatu vyake. 

Mama Ireri alisema tunaweza kunywa chai, tunaweza kutembea mpaka jua lizame, lakini katika shamba lake hakuna mtu atakayesema moja, mbili, tatu juu ya kitu kinachopumua. Kulikuwa na mizinga ya marehemu mumewe pale, na nyuki ndio waliosomesha watoto wake. Hangecheza na jambo hilo. Nyaga alikunja uso. Bila jumla ya aina chini yake orodha haikubaliwi, na bila orodha mwaka huu ungebaki ukurasa mtupu katika kitabu, wenye jina langu chini yake.

Tulikunywa chai. Ndipo nikamkumbuka nyanya. Hakuhesabu mbuzi, lakini hakupoteza hata mmoja. Jioni kila mbuzi alipoingia zizini, alihamisha kijiti kimoja kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Vijiti vikibaki, kuna mbuzi nje. Sikuwa na hakika kama lilikuwa wazo la maana au la kijinga, kwa hiyo nililisema polepole.

"Mama Ireri, je, tukiona ndege mpya, tukatia punje moja ndani ya kibuyu? Hatusemi namba. Mimi naandika jina tu. Baadaye tukihesabu, tunahesabu punje. Punje haina roho."

"Punje ina roho ukiipanda."

"Hatutaipanda."

Akaingia ghalani, akatoka na kibuyu na vitambaa vitatu vya nafaka. "Ndengu kwa ndege," alisema. "Kunde kwa vipepeo. Mbaazi kwa wadudu, maana ni wagumu. Kibuyu nitabeba mimi. Na mkishazihesabu, hazirudi ghalani kwangu. Kilichohesabiwa mtaenda nacho mkakile huko kwenu."

"Ndengu kwa ndege," Kendi alirudia. "Hiyo hata mimi sitasahau."

Niliona Nyaga amefungua kalamu yake na kuandika neno hilo kiganjani.

Saa moja na nusu tulianza kushuka kuelekea majini. Sitaweza kuwaeleza yote. Mtu aliyezaliwa penye ukungu kama mimi hajui mahali pa kutazama kwanza. Juu ya kichuguu, ndege wawili wenye madoa, wekundu na wa manjano kama waliomwagiwa pilipili na mahindi, waliimba kwa zamu, mmoja akiacha mwingine akidaka, mpaka ukadhani ni koo moja. Ndengu moja. Ndege mwingine mkubwa, wa kijivu mwenye kishungi, alilia juu ya mgunga kama mbuzi aliyefungiwa. Ndengu. Keremkerem walikuwa kwenye waya wa ua, hondohondo mwenye mdomo mwekundu akiruka kama mtu anayeshuka ngazi, kwezi wa buluu na tumbo la kutu wakigombania makombo karibu na miguu yetu. Kila mara Mama Ireri alifungua kibuyu, nasi tukasikia *tik*, na sauti hiyo ilianza kunifurahisha kuliko hata ndege wenyewe.

Mchangani penye kwato za mbuzi, vipepeo weupe na wa manjano walikuwa wamejipanga wakinywa unyevunyevu. Kendi alipiga magoti akawapiga picha, na picha zake zilikuwa safi, nakiri. Ndege mmoja wa mbali tu ndiye aliyetoka kama nukta.

"Huyu tumwandike nini?" akaniuliza.

"Nukta," nikasema. "Hatuna punje ya nukta."

Kisha akaja kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi na madoa meupe. Kunde moja. Hatua chache mbele, akapita mwingine karibu sawa naye, ila niliona kama mabawa ya nyuma yalikuwa na doa moja jeusi tu. Nyaga aliwahi kutuambia kuna kipepeo anayeiga sura ya mwenzake ili ndege wasimle. Mama Ireri alishika kunde tayari. Kendi akasema, "Tia, mama, ni mwingine huyo." Moyo wangu ulitaka. Lakini sikuwa nimeliona lile doa vizuri, na Kendi hakuliona kabisa. Nikatikisa kichwa. Kunde ikarudi kitambaani.

Tulipokaribia maji, tulimkuta dundu akisukuma donge la mavi ya ng'ombe, kubwa kuliko yeye, kinyumenyume, kichwa chini na miguu juu. Alianguka, akainuka, akaanguka. Tuliinama wote watatu, hata Bwana Nyaga, tukimhesabia miguu kimoyomoyo. Ni sita. Mbaazi ikalia *tik*. Tuliendelea kuinama, maana dundu wa pili alikuwa amekuja kumnyang'anya donge, na vita vile vilikuwa vya kutazamwa. Nikasikia *tik* nyingine nyuma yangu. Nilidhani ni punje inayogonga kibuyu kwa kutikisika.

Saa tano jua likawa kali, ndege wakanyamaza, nasi tukarudi.

Hatukuruhusiwa kuhesabu ndani ya ua. Tulitoka nje ya lango, nikatandaza leso yangu nyuma ya pikapu, na Kendi akamimina kibuyu. Mama Ireri alibaki upande wake wa ua, mikono juu ya lango, akitutazama kama mtu anayetazama majirani wakipigana. Nilitenga nafaka. Mbaazi zilikubaliana na majina ya wadudu. Kunde zilikubaliana na vipepeo. Ndengu nikahesabu: arobaini na tisa. Majina ya ndege katika daftari: arobaini na nane.

Nikarudia. Arobaini na tisa, arobaini na nane. Nyaga alikuwa ametoa kalamu nyekundu mfukoni, anangoja.

Kendi aliniinamia sikioni. "Mama, moja tu. Itafune. Ama uandike njiwa yeyote, njiwa hawakosi."

Nadhani alitaka kunisaidia. Na nadhani, ningekuwa na muda zaidi wa kufikiri, sijui ningefanya nini. Lakini mdomo wangu ulitangulia. "Bwana Nyaga, kuna ndengu moja isiyo na ndege. Sijui imetoka wapi."

"Ni mimi," alisema Mama Ireri kutoka langoni.

Tukageuka.

"Ni ndege wa asali. Alikuja mpaka pale kwenye mgunga akaniita, kwe-kwe-kwe, kama anavyoniita siku zote niende mzingani. Ninyi mlikuwa mmeinamia mavi."

Nyaga alishusha pumzi. "Shemeji, umemwona peke yako. Kanuni ni macho ya wawili."

"Kwa hiyo macho yangu si macho?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Miaka thelathini huyo ndege ananionyesha asali, namwachia kipande cha sega, hajawahi kuniuliza shahidi. Leo wewe umekuja na wino!"

Nami nilikuwa katikati. Nilijua maumivu yake, maana mdiria wangu wa mwaka jana alikatwa hivyohivyo. Mama Ireri anajua ndege wa pale kuliko sisi watatu tukiunganishwa, na kanuni ya macho ya wawili humwonea mtu anayetembea peke yake. Lakini kanuni ndiyo kanuni, nilitoka nyumbani nikijua hivyo, na mwaka huu nisingeweza kuipinda hata kwa ajili yake. Nikachukua kalamu. Chini kabisa ya ukurasa, nje ya mstari wa jumla, niliandika: *Ndege wa asali. Ameonwa na Mama Ireri, mwenye shamba, peke yake. Sisi tulikuwa tumeinama.* Nikamsomea kwa sauti. Hakufurahi, lakini alisikiliza.

Ndipo nikaokota ile ndengu ya arobaini na tisa, nikatembea nayo mpaka langoni.

"Mama Ireri, ulisema kilichohesabiwa hakirudi ghalani. Huyu hatukumhesabu. Chukua ndengu yako."

Aliitazama punje kiganjani mwangu. Akanitazama mimi. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, mpaka kanga wake wakakimbia.

"Ai! Basi ndege wangu amepona!" Akaichukua, akaifunga pembeni mwa kitambaa chake kwa fundo. "Hao wengine wote mmewamaliza, lakini huyu wangu mzima. Shemeji, huyu mama wa Meru mmemtoa wapi?"

Bwana Nyaga alikuwa amechukua daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Pale chini alisoma mara mbili. Kisha akaifunika kalamu nyekundu, akairudisha mfukoni mwa shati, akaomba biro yangu ya buluu, akatia sahihi.

"Wino wangu umebaki," alisema.

Ndilo neno lake lote. Kwa mtu kama yeye, ni hotuba. Kendi alipiga picha ya ukurasa ule, akanishika bega. "Mama, kalamu kaa nayo. Mimi nitakuwa wa picha." Nilijifanya natafuta kifuniko cha kibuyu, kwa sababu macho yangu yalikuwa na vumbi.

Jumapili asubuhi tuliondoka Karurumo. Kabla ya kuagana nilimwomba Bwana Nyaga alipeleke kikundini swali hili: mwenye shamba akiona ndege shambani mwake, je, macho yake peke yake yatoshe bila kutafutwa shahidi? Alisema atalipeleka, lakini hakuahidi. Hiyo ni haki.

Nimefikiri njiani nimejifunza nini. Miguu sita, hilo nilishalijua. Nimejifunza kwamba shule haikufuta mambo ya nyanya, iliyafunika tu, na kwamba daftari langu, lenye mwandiko mbaya na makosa ya ngeli, linaweza kusimama juani bila kukatwa. Sijui kama ni vizuri mtu kujisifu. Leo nimejisifu kidogo, kuanzia Thuci mpaka nyumbani.

Saa kumi na mbili jioni nilifika Mikinduri. Ukungu ulikuwa palepale nilipouacha. Nilitia mbaazi chunguni kwanza, maana ni ngumu, kisha mahindi, kunde zikafuata, ndengu mwisho kwa kuwa huiva upesi. Nikaongeza maharagwe yetu ili chungu kijae, kitunguu, na mafuta kidogo. Baba Mwenda alikaa karibu na moto nikimsimulia, naye akatafuna polepole, kisha akaacha kutafuna ghafla.

"Hii imekataa kuiva. Ni nani huyu?"

"Mbaazi. Labda ni yule dundu."

"Na mdiria ni ipi? Mlipata ndege wangapi kwa jumla?" Akachovya kijiko, akaanza kuzitenga ndengu pembeni mwa sahani, moja, mbili, tatu.

"Baba Mwenda," nikamwambia, "kula."

Tulikula githeri, na chai ya maziwa baadaye, na hakuna kilichobaki chunguni.